Sahani ya Pili

Asubuhi hiyo Mchoraji aliamka ana gundi kwenye nywele, na hakushangaa. Mwanamke anayeishi peke yake na makopo ya gundi hufika mahali akaacha kujiuliza gundi imepandaje kichwani. Alichukua mkasi, akakata kile kishungi kilichogandamana, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, na badala ya kukitupa akakiweka kwenye boksi la viatu pamoja na takataka nyingine alizozipenda: tiketi za basi, nyuzi, karatasi za sukari, mabaki ya pazia, misumari iliyopinda.

Riziki yake ilitoka kwenye vitabu vya watoto wa shule. Alichora mbuzi, matunda ya kuhesabu, mtoto anayenawa mikono huku anatabasamu kama aliyelipwa. Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Kazi ya moyo aliifanya alfajiri kabla chai haijapoa: kipande cha kadi kisichozidi kiganja, rangi kidogo, chai ya kupaka mahali rangi ilipopungua, uzi, karatasi iliyochanwa, na maneno machache ya mawazo ya siku hiyo. Akimaliza alikipiga picha kwa simu na kukiweka kwenye ukurasa wake ulioitwa Vipande vya Asubuhi. Ndiyo maana mtaani walimwita Bi Vipande, naye aliitika.

Katika kazi hiyo alikuwa na sharti moja tu. Kila picha lazima ibebe kipande cha kweli cha kitu kinachosemwa. Akisema habari za mvua, rangi aliikoroga kwa maji ya mvua aliyoyakinga dirishani. Akimsema shangazi yake, alibandika uzi uliochomoka kwenye blauzi ya shangazi. "Rangi inaweza kudanganya," alizoea kusema, "kitu chenyewe hakidanganyi." Sharti hilo ndilo lililompa sifa, na hilo hilo, msomaji wangu, ndilo lililomponza.

Watu waliomfuata ukurasani walikuwa wengi kuliko wakazi wa mtaa mzima. Kila asubuhi walimmiminia mioyo myekundu na maneno matamu: umenigusa, umesema yangu, siku yangu haianzi bila wewe. Aliyasoma yote, neno kwa neno, akiwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mto. Kisha kioo cha simu kilizimika, na chumba kikarudi kuwa chumba. Katika umati wote ule hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia, mwenzangu, una rangi shavuni. Kuna siku alikwenda dukani na kurudi, akajitazama kwenye kioo akakuta mstari wa buluu umetoka sikioni hadi kidevuni. Alicheka, halafu akaona anacheka peke yake.

Shangazi yake, aliyemlea na ambaye ulimi wake haukuwa na breki, aliwahi kumwambia kwenye simu, "Watu maelfu wanakuamkia, lakini ukishikwa na homa hakuna hata mmoja wa kukupa maji. Tafuta mtu mmoja, mwanangu. Mmoja tu, mwenye miguu."

Huyo mwenye miguu alikuwa chini ya sakafu yake muda wote. Chini ya chumba palikuwa na karakana ya fremu, na mwenye karakana aliitwa Fundi, basi, kana kwamba mafundi wengine wote duniani walikuwa wanajaribu tu. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye penseli sikioni aliyoitafuta kila mara mifukoni. Walianza kwa kazi. Mchoraji alishuka na kadi zake ndogo, Fundi akazitengenezea fremu ndogo kwa mabaki ya mbao ambayo wengine wangeyachoma. Kazi ikazaa mazungumzo, mazungumzo yakazaa chai, na chai, kama inavyojulikana, ina uzazi wake.

Fundi alisimulia polepole, tena kwa vipande. Alikuwa na kawaida moja: akishapaka gundi kwenye pembe za fremu na kuzibana kwa mikono yake, hasemi neno mpaka gundi ishike. Ukiongea mkono unacheza, alisema, na mkono ukicheza pembe inaacha mwanya. Kwa hiyo hadithi yake moja ilikatika katikati mara mbili tatu, na aliyemzoea alingoja. Mchoraji alimzoea. Alipenda hata kule kungoja, maana ndipo alipoweza kumtazama usoni bila kuonekana anatazama. Mara nyingine Fundi aliinua macho akamkuta, na wote wawili wakajifanya wanaikagua fremu.

Siku moja ndiyo hakungoja.

Ilikuwa mwanzoni mwa wiki ya asubuhi ile ya gundi kwenye nywele, wiki nzito kwa wote wawili, kwa sababu Jumapili inayofuata Fundi alikuwa ampeleke kwa mama yake kumtambulisha. Gauni lilishanyooshwa na kutundikwa nyuma ya mlango. Mchoraji alikaa kwenye kigoda pale karakanani, na Fundi, huku anapaka gundi, akaanza kusema bila kumwangalia.

"Mke wangu alipoondoka, niliendelea kupakua sahani mbili jioni. Yangu na yake. Na hata leo hii napakua mbili."

Akabana pembe. Akanyamaza.

Kimya kile kilimwingia Mchoraji kama mwiba. Habari za huyo mke alizijua: aliondoka na mtu mwingine, miaka ikapita, hakugeuka. Asichokijua ni kwamba bado anawekewa chakula. Wivu ulimpanda, na huruma, na kitu cha tatu ambacho ni aibu kukitaja, yaani furaha ya msanii aliyeona picha. "Nimeacha jiko linawaka," alisema, akazipanda ngazi mbiombio. Jiko halikuwa linawaka. Wahenga walishasema vya kutosha juu ya haraka, sina haja ya kuwarudia.

Kesho yake picha ilikuwa tayari. Meza aliipaka kwa chai. Sahani ya kwanza aliikata kwenye karatasi nyeupe. Sahani ya pili ilikuwa kifungo cha kahawia, kifungo cha shati la Fundi, ambacho kilidondoka siku alipokuja kumpigilia msumari ukutani. Siku ile Fundi alikitafuta sakafuni kwa magoti, na Mchoraji akakificha kiganjani akisema kwa kucheka, "Kilichoangukia kwangu ni changu." Kwenye matundu yake bado kulikuwa na uzi mwekundu. Chini ya picha aliandika: Yupo mtu ambaye mkewe aliondoka zamani, na mpaka leo jioni anapakua sahani mbili. Ya pili hupoa bila kuguswa. Nimemfikiria leo nikinywa chai peke yangu.

Picha hiyo ilikwenda mbali kuliko zote alizowahi kuziweka. Watu waliilia. Waliigawa kwa wenzao, nao wakaigawa kwa wenzao. Mchoraji alifurahi siku ya kwanza, siku ya pili akaanza kusikiliza sakafu. Nyundo ya chini ilikuwa inagonga kwa mwendo asioujua, na Fundi hakupanda.

Sasa, asubuhi hiyo, wakati anasuuza kikombe ili apike chai, alisikia miguu kwenye ngazi. Aliweka nywele sawa, akakumbuka pale alipokata kishungi, akafungua mlango kabla haujagongwa.

"Fundi! Nilidhani umehama."

"Habari za asubuhi," alisema Fundi.

Salamu hiyo ilimtosha. Watu waliozoeana hivyo hawaamkiani kama karani na mteja.

"Nzuri. Ingia basi. Kaa kwenye kiti cha mto, chai inakuja."

"Sitakaa. Naomba ile picha niione."

"Ipi?"

"Unaijua."

Ilikuwa pale mezani, imeegemea kopo la brashi. Mchoraji alimpa kwa mikono miwili, na hata wakati huo, masikini, alikuwa na chembe ya matumaini kwamba angesifiwa. Fundi akaenda nayo dirishani. Aliishika ukingoni, kama alivyoshika kazi zake zote, asije akaichafua. Alipitisha kidole gumba juu ya kifungo, mara moja.

"Hiki ni changu."

"Ndiyo. Ulikiangusha pale, umesahau? Nilikuambia sirudishi." Alijaribu kucheka. Fundi hakumsaidia.

"Mama ndiye aliyekishona. Uzi wa kahawia ulimwishia akatumia mwekundu. Nikamwambia Mama, mbona utaonekana? Akasema, vaa tu, nani ataangalia."

Mchoraji akaitazama picha upya.

"Dada yangu anaufuata ukurasa wako," Fundi aliendelea. "Kila siku. Anawaonyesha wenzake kazini, huyu ndiye atakuwa wifi yangu. Juzi aliiona hii akadhani umechora jambo zuri letu sisi wawili, akamkimbilia Mama na simu mkononi. Mama ndiye aliyesoma maneno."

"Lakini sikutaja jina!"

"Jina umelificha, kifungo umekibandika."

Alisema bila kupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Kazi yote ya Mchoraji ilikuwa kuona vitu vidogo, na hiki kidogo hakukiona.

"Mama yako amesemaje?"

"Unataka yote?"

"Yote."

"Mke wangu alipoondoka, Mama alisimama kibarazani akawaambia majirani, mwanangu hana habari, anakula, analala, anakoroma. Miaka yote amesimama hapo hapo. Sasa jirani aliyesikia habari zetu kwa Dada amekuja na simu kumpa pole. Kumpa pole, kama tumefiwa. Anamwambia, kumbe mwanao bado anamwekea chakula yule mwanamke? Tangu hapo Mama hajatoka nje." Fundi aliirudisha picha mezani. "Anasema, siri ya mtungi aijuaye kata. Anauliza, huyu ni kata gani, anachota mtungini anakwenda kumwaga barabarani? Hajaingia ndani ameshatuanika, akiingia itakuwaje?"

"Nitaifuta," alisema Mchoraji. Alikwishashika simu. "Naifuta sasa hivi, tazama, mbele yako. Imefutika. Umeona? Haipo."

"Dada anasema watu wameshaihifadhi. Iko kwenye simu za watu tusiowajua."

"Nitaandika kuomba radhi."

"Ili na hao wasiojua wajue? Maji yakimwagika hayazoleki, mwenzangu. Acha."

Alimwita mwenzangu kwa mazoea, na wote wawili walilisikia neno lile. Fundi aligeuza uso akatazama gauni lililotundikwa nyuma ya mlango. Mchoraji alimwona analitazama. Alitamani angelikunja usiku wa jana, asingeonekana amejiandaa hivyo.

Mtu akibanwa sana na kosa lake hufika mahali akakasirika, na Mchoraji alifika.

"Basi sikiliza na mimi," alisema. "Wewe umekasirika kwa kifungo. Mimi je? Umenikalisha kwenye kigoda chako ukaniambia bado unampakulia chakula mwanamke aliyekuacha. Jumapili unanipeleka kwa mama yako. Niende nikiwa nani? Nikikaa mezani kwako nakaa kwenye sahani ipi? Hukuniuliza iliniuma kiasi gani. Niliilia ile picha. Niliibandika huku nalia."

"Iliuma, ukaenda kuwaambia wao."

"Ningemwambia nani?"

"Mimi. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, mikono imeshika fremu."

"Ulinyamaza!"

"Nilikuwa nangoja gundi ishike."

Fundi alikaa, si kwenye kiti cha mto, bali ukingoni mwa boksi la karatasi, magoti yamepanda juu kama ya mtu mkubwa kwenye dawati la darasa la kwanza. Alitazama mikono yake. Alianza kukwangua gundi iliyokauka kwenye kucha, kidole kimoja baada ya kingine. Huko nje mtu alipita akiuza mifagio, akaita, akaitikiwa, akaenda zake. Mchoraji alikuwa na maneno mengi mdomoni. Aliyameza. Alingoja, na safari hii alingoja mpaka mwisho.

"Mwanzo nilikuwa nampakulia yeye," Fundi alisema hatimaye. "Kweli. Mkono ulikuwa umezoea. Halafu nikaacha, sikumbuki ilikuwa lini, siku moja nikaona nimetoa sahani moja na sikusikia kitu. Nikakaa hivyo muda mrefu. Sahani moja, kijiko kimoja. Nikadhani nimepona, kumbe nilikuwa nimezoea tu."

Aliinua macho.

"Halafu wewe ukaanza kushuka na vipande vyako. Jioni moja nimeshapika, naona mkono umechukua sahani ya pili. Nikajicheka. Kesho yake tena. Nilikuwa nakupakulia wewe. Uko juu ya kichwa changu, nasikia kiti chako kinavutwa, nasikia unakohoa, najua unakula mkate mkavu ukiwa umesimama kwa sababu saa ya kula kiti sikisikii. Na mimi nimekuwekea chakula na sijui nikuiteje. Kwa siku nyingi nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilitaka kusema, napakua mbili, ya pili ni yako, njoo ule, nimechoka kuila ikiwa imepoa. Nimesema nusu nikabana pembe. Nilipoinua uso, kigoda kilikuwa kitupu."

Mchoraji aliketi kitandani. Machozi yalimtoka moja kwa moja, bila kelele, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na rangi.

"Nije leo," alisema. "Fundi. Tuanzie pale tulipoishia. Nitakuja jioni, sitaleta kadi, sitaleta simu. Nitakula hata kikiwa kimepoa."

"Juzi nilipakua moja."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa, na ndiyo maana Mchoraji aliona ni kweli.

"Ni mama yako? Nitakwenda kwake. Nitapiga magoti. Anitukane mpaka achoke."

"Mama atatukana, atachoka, atauliza kama umekula. Namjua, mdomo mkali moyo mlaini. Si Mama." Fundi alisimama. Kichwa chake kilikaribia kugusa taa. "Ni mimi. Kuanzia sasa nikikuambia jambo, nitakuwa natazama mikono yako. Nikisema nimeota ndoto, nitajiuliza utaikata na nini. Nikiumwa, nitaficha bandeji. Mtu hawezi kuishi hivyo na mwenzake. Atakuwa anahesabu vifungo."

"Nakupenda," Mchoraji alisema.

Neno hilo hakuwahi kulisema kwa mdomo wake, wala kulibandika. Lilitoka likiwa limechoka, kama mgeni aliyetembea sana. Fundi alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Kule kwenye ukurasa wako nimesomewa mambo mengi," alisema. "Dada alikuwa akinisomea. Umeandika habari za mvua, za shangazi yako, za jino lako lililouma. Hilo hujaliandika hata siku moja."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu lilikuwa langu."

Fundi aliitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyekuwa anangoja jibu lile lile.

"Na la kwangu lilikuwa la nani?"

Mchoraji alitafuta jibu kwa dhati. Alipitisha macho mezani, kwenye makopo, kwenye boksi la viatu, mahali ambapo siku zote alipata cha kubandika, na safari hii hapakuwa na kitu. Hatimaye alichukua wembe wake wa kukatia karatasi, akavuta picha, akaanza kukibandua kifungo. Gundi yake ilikuwa nzuri mno. Kifungo kilipotoka kilitoka na ngozi ya kadi, na mahali pa sahani ya pili pakabaki pamechubuka, peupe, pana nywelenywele za karatasi. Alikisafisha kwa kucha, akakifuta kwenye sketi yake, akakinyoosha kwa Fundi kwenye kiganja kilichofunguka.

Vidole vyao viligusana. Fundi hakuvitoa vyake haraka. Walisimama hivyo kwa muda ambao ungetosha gundi kushika, kama pangekuwa na gundi, na Mchoraji alidhani angebaki, akatamani, akaomba moyoni. Kisha Fundi akakitia kifungo mfukoni.

"Una rangi shavuni," alisema. "Upande huu."

Akamwonyesha kwa kugusa shavu lake mwenyewe, wala si la Mchoraji. Akatoka. Ngazi zilimshusha moja moja.

Chai haikupikwa tena. Mchoraji alibaki mezani na ile picha iliyochubuka, na hapo, wakati bado machozi hayajakauka, jambo la aibu likatokea: aliona ni nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa na kifungo. Meza ya chai, sahani moja nyeupe, na mahali pa pili palipong'olewa. Maneno yalikuja yenyewe, yamejipanga, hakuyaita. Alijua lipi litangulie na lipi lifuate, alijua hata watakapolia. Alipiga picha. Aliandika. Kidole kilikuwa juu ya kioo, kikisubiri kama kilivyosubiri kila siku, na upande wa pili watu maelfu walikuwa wamekaa na chai zao wanauliza: leo vipi, Bi Vipande? Mbona kimya? Tuambie.

Tuambie, tuambie. Wangemkumbatia wote kwa pamoja. Ndani ya dakika chache asingekuwa peke yake.

Alifuta neno la mwisho. Akafuta la kabla yake. Alifuta mpaka mwanzo, moja moja, kwa kidole kile kile, halafu akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Chumba kilikuwa kimya namna ambayo hakuwahi kukisikia, maana siku zote alikuwa na mahali pa kukipeleka kimya chake. Alikwenda kwenye kioo akaosha shavu.

Alasiri simu ikalia. Alikuwa shangazi.

"Nimeambiwa leo hujaweka kitu kwenye hayo mambo yako. Unaumwa?"

"Siumwi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti nzito? Umelia?"

"Kidogo."

"Kuna nini? Ni huyo fundi? Amekufanya nini? Jumapili si iko pale pale? Mimi wa kukusindikiza nimeshatoa kiatu kikafutwe."

Mchoraji alibana simu sikioni. Hapa palikuwa na mtu mmoja, wa damu yake, mwenye miguu na mikono, na angeweza kumwambia yote akaliwazwa kama alivyoliwazwa utotoni. Alihema.

"Jumapili haipo, shangazi."

"Haipo? Kwa nini haipo?"

"Siwezi kukuambia yote. Nusu ya hadithi ni yake, na hajanipa ruhusa."

Upande wa pili kiti kilivutwa.

"Haya," alisema shangazi. "Ile nusu yako basi. Ile niambie."

"Yangu ni kwamba nimekosa. Nimekosa, na nampenda, na sijui kama atarudi."

"Umeshamwambia?"

"Nimemwambia."

"Basi ndiyo hivyo, mwanangu," alisema shangazi, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Kula kitu. Kaa kitako ule."

Alikula. Alikaa kitako kwenye kiti cha mto, sahani magotini, akatafuna bila kusikia ladha. Jua lilishuka likaacha ukuta. Chini, nyundo ikaanza kugonga, polepole, kisha ikaacha, na Mchoraji akajua kwamba Fundi amebana pembe na anangoja. Naye akashusha kijiko ili kisigonge sahani. Ilichukua muda mrefu. Nyundo ilipoanza tena alilia sana, na hakumwambia mtu.